Pazia la Mama Qabale

"Pekeshe, umechora nini wewe?"

Hakunisalimu. Galgalo ninayemjua mimi hakuombi hata kiberiti kabla ya kukuuliza umeamkaje, nyumbani wameamkaje, na mbuzi wa jirani kama nao wameamka salama. Asubuhi ile alisimama mlangoni pa ukumbi, shati limemganda mgongoni kwa jasho, funguo za duka angali amezishika, na neno lake la kwanza likawa hilo. 

"Nimechora nyumba," nikamjibu. "Nyumba mbili, kama nilivyoagizwa. Si ulikuja juzi ukanisifu?"

"Juzi ilikuwa nyumba moja. Ile ya kwenu, ya udongo. Hii nyingine ilikuwa bado."

"Hii nimeimaliza jana. Mchana kutwa nimesimama juu ya meza, kiuno hiki si changu. Haya, nisifu basi."

Hakunisifu. Aliingia, akapita katikati ya viti vya plastiki vilivyokwisha kupangwa kwa ajili ya mkutano, akasimama mbele ya turubai. Akaitazama picha yangu kama mtu anayesoma habari ya msiba. Hakukuwa na mwingine ukumbini, tulikuwa sisi wawili na harufu ya rangi.

"Hii ni nyumba ya mama," akasema.

Ngoja niseme kazi yangu, maana wengi hapa Garsen hunidhania naandika vibao vya vinyozi. Mimi nachora picha za mkato. Usiogope jina, ni kitu chepesi. Umewahi kukata papai ukaona mbegu zimekaa zilivyokaa? Ndiyo hiyo. Nachora nyumba, kisha naondoa ubavu mmoja, na aliyesimama nje anaona ndani kote, kuanzia mlangoni mpaka uvunguni mwa kitanda. Wenye mradi wa mafuriko ndio walionipa kazi. Mto ulikuwa unapanda, habari za kutoka Hola zilikuwa mbaya kila siku, nao walitaka watu wajue mapema waweke wapi vyeti, dawa, mbegu na maji ya kunywa. Mwaka uliopita waliwaeleza kwa mdomo, watu wakaitikia "ndiyo, ndiyo", na maji yalipokuja vyeti vikaelea na dawa zikaelea. Safari hii wakasema wachorewe. Nyumba ya mkulima moja, nyumba ya mfugaji moja, na mstari wa buluu upite ndani ya zote mbili usawa wa kiuno. Kilicho chini ya mstari kitalowa, kilicho juu kitapona.

"Nyumba za kwenu zote si ziko hivi?" nikamwambia Galgalo. "Fito zimepindwa, nyasi, mikeka, pazia katikati."

"Mbele ziko hivi. Mbele kila mgeni anakaa, anakunywa chai. Nyuma ya pazia ni kwa mwanamke mwenyewe. Mgeni haingii. Hata jirani haingii mpaka aitwe." Akanyoosha kidole. "Vibuyu vinne. Cha tatu kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Sanduku la bati lenye tausi. Mfuko wa dawa zake za presha kwenye msumari. Pekeshe, nani mwingine ana sanduku la tausi?"

Nikaitazama. Haki ya Mungu, nilikuwa nimeifanya kwa mikono yangu lakini ndiyo kwanza niione. Kila kitu kilikuwa pale. Sikubuni hata kimoja, na hapo ndipo penye kosa. Ndani ya nyumba huwezi kupabuni, ukibuni mwenye nyumba kama hiyo atacheka na hatakuamini tena. Mimi katika maisha yangu yote nyumba ya mfugaji niliyoiona mpaka nyuma ilikuwa moja tu. Mkono ukachora ulichokijua.

"Labda hataiona," nikasema.

"Ameshaiona. Bishara alipita hapa jana jioni, akaipiga picha kwa simu. Amefika nyumbani anacheka, 'Mama, tazama, wametuchora sisi!' Dada yangu hajui kitu, masikini. Mama hakucheka. Akaishika ile simu mpaka ikazima. Leo baada ya swala ya alfajiri akasema anakuja Garsen."

"Kwenye mkutano?"

"Kabla ya mkutano."

Aa, Mulungu wangu! Nikakaa kwenye kiti cha kwanza nilichokifikia. Mkutano ulikuwa saa nne. Saa ya ukutani ilisema saa mbili na nusu.

Sasa wewe unayesoma utaniuliza, binti wa Mzee Mwaringa, Mgiriama, mzee wa kanisa, aliingiaje nyuma ya pazia la mjane wa Kiorma? Swali zuri. Ndilo nililoliogopa miezi saba.

Galgalo nilimjua kwa sababu ya ng'ombe. Ana duka la dawa za mifugo hapa mjini, akanitaka nimchoree kibao cha ng'ombe aliyeondolewa ubavu, ini lionekane, na minyoo ndani ya ini, ili mteja aelewe dawa inakwenda wapi. Nikamchorea tumbo moja. Alicheka mpaka akashika meza. "Dada, huyu ng'ombe wako ni binadamu mwenye pembe. Ng'ombe ana matumbo manne." Nikakasirika, nikamwambia aje aniongoze basi. Akaja siku nne, kila siku na tumbo moja, ingawa mtu mwenye haraka angeyamaliza yote asubuhi moja. Siku ya nne ng'ombe alikuwa amekamilika, na mimi nilikuwa nimekwisha.

Hiyo ilikuwa furaha. Hofu ilikuja Novemba. Nilikwenda kijijini kwao kuchora nyumba kwa nje, mvua ikashuka, maji yakakata barabara mbele na nyuma, na mimi homa ikanipanda papo hapo, meno yanagongana. Galgalo alikuwa anapeleka dawa za ng'ombe. Akanikuta nimekaa chini ya kichaka siwezi kusimama. Nyumba ya karibu ilikuwa ya mama yake. Mama na Bishara walikuwa Hola kwenye harusi. Akanibeba, akanilaza kitandani, akashusha pazia. Mvua ilipokatika alinipeleka kwa mtumbwi mpaka Ngao, hospitalini, akanikabidhi kwa wauguzi na akaondoka kabla baba yangu hajafika. Tukaapa hatutasema. Msichana kulala kitanda cha mjane, mwenyewe hayupo, na mwanawe wa kiume yupo? Nani angesikiliza neno "homa" mpaka mwisho?

"Sikiliza," Galgalo akasema, akachutama mbele yangu. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilitamani kumshika uso, lakini mlango ulikuwa wazi. "Ami Farah anakuja leo kwenye mkutano. Unajua alivyopanga. Anataka nimuoe binti yake baada ya Idi, nihamie kule kwake niangalie ng'ombe. Mama hajasema ndiyo, hajasema hapana. Mimi nilikuwa namlainisha pole pole, Wallahi, kidogo kidogo. Nilishaanza kutaja jina lako."

"Ulilitaja vipi?"

"Nilisema kuna fundi mmoja anachora vizuri."

"Ebo! Fundi!"

"Ningesema nini? Ndiyo mwanzo. Sasa akijua ulilala kitandani mwake, huyo fundi amekwisha. Atamwambia ami ndiyo. Leo leo. Na wewe baba yako akisikia?"

Baba yangu. Hapo akanigusa penyewe. Mzee Mwaringa nikimtajia mchumba hujibu neno lile lile: mkwe wake atakuwa mtu watakayeimba naye kitabu kimoja cha nyimbo. Na hapo ni akiwa mpole. Akisikia nililazwa kwenye nyumba ya mwanamume, atanirudisha shambani siku hiyo hiyo, na brashi zangu atawashia moto wa kupikia.

"Kwa hiyo tufanye nini?" nikauliza.

"Rudisha ukuta."

"Nini?"

"Ule ubavu ulioutoa. Una rangi, una saa nzima. Uzibe. Iwe nyumba ya nje tu, nyasi na mlango. Mama akija hakuna cha kuona."

"Galgalo, una akili timamu? Nikiziba watu wa kwenu wataona nini? Nyumba ya kwetu iko wazi kila mtu ajue mahali pa kuweka mbegu, na ya kwenu imefungwa kama duka la marehemu?"

"Wataelezwa."

"Walielezwa mwaka jana! Dawa za presha za mama yako zilikuwa wapi maji yalipoingia? Si zilikuwa chini ya kitanda, zikalowa zote? Ulinieleza mwenyewe. Alikaa siku ngapi bila dawa?"

Akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Siku ngapi?"

"Siku sita," akasema kwa sauti ndogo. Halafu akaniangalia, na sijawahi kumwona mwanamume mzima ameogopa vile. "Pekeshe, mimi siogopi maji. Maji yanakuja na yanaondoka. Nikipelekwa kwa ami Farah, sirudi. Nitarudi nikiwa mume wa mtu. Utanipita hapo barabarani, utaniita 'kaka Galgalo', na mimi nitaitikia. Unataka hivyo?"

Ningesema nini? Mapenzi yana ubaya huu, yanakuchagulia yenyewe. Nikainuka nikachukua kopo la rangi ya nyasi.  Nikapanda mezani, nikachovya brashi, nikaanza upande wa kushoto, kwenye sufuria na mafiga. Kila nikipaka, kitu kinazama. Sufuria ikazama. Mtungi wa maji nilioupandisha juu ya mstari wa buluu kwa makusudi, watoto wauone, ukazama nao. Machozi yakanitoka, nikayafuta kwa mkono wenye rangi.

"Haraka kidogo," Galgalo akasema, anachungulia nje.

"Usiniambie haraka!"

"Pekeshe..."

"Kama unaweza njoo upake wewe!"

"Pekeshe, shuka. Amefika."

Mama Qabale hakuwa mrefu kama nilivyomkumbuka kwa mbali sokoni. Mwanamke mwembamba, mtandio mweusi, viatu vya plastiki vimejaa matope mpaka juu. Alikuwa ametembea. Alisimama kizingitini akatutazama kwa zamu, mwanawe, mimi, brashi iliyokuwa inadondosha rangi sakafuni, kisha picha.  Nikashuka mezani, nikakosea mguu, nikaangusha kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama," Galgalo akaanza, "ni mimi ambaye..."

"Wewe sijakuuliza. Nenda kafungue duka lako. Wateja wanangoja."

"Mama, nisikilize kwanza."

"Galgalo. Nenda."

Akatoka. Niliposikia hatua zake zinapungua nilihisi baridi kama ile ya homa. Nikabaki na mwanamke ambaye nililala kitandani mwake bila ruhusa yake, nina rangi shavuni na uongo mkononi.

"Unaficha nini?" akauliza.

"Natengeneza tu, mama. Kulikuwa na makosa."

"Makosa gani? Mimi sioni kosa. Naona sufuria yangu imefunikwa." Akasogea karibu na turubai, pua inakaribia kugusa. Alitazama taratibu, kwa jicho la mtu anayehesabu mifugo jioni. Vibuyu. Sanduku. Mfuko wa dawa. "Bishara alikuletea hapa habari za ndani?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutorokea, wazi kabisa. Ningesema ndiyo, Bishara alinieleza, na mambo yangeisha. Neno lilifika ulimini. Nikamwona Bishara akichapwa kwa ajili yangu.

"Hapana, mama. Bishara hajui kitu."

"Vizuri. Maana Bishara asingeweza kukueleza hii." Akaweka kidole juu, mahali fito za paa zinapokutana juu ya kitanda. Hapo nilikuwa nimechora fimbo ndefu, nyeusi, imezungushiwa waya wa shaba shingoni. Ilikuwa na urefu wa mkono wangu. "Unaiona hii?"

"Naiona."

"Bishara haijui. Yeye analala mbele. Mtu akisimama ndani haioni, mkeka unaificha. Akikaa kitandani haioni." Akanigeukia. Macho yake hayakuwa na hasira, na hiyo ilinitisha zaidi. "Inaonekana ukilala. Ukilala chali, kichwa kwenye mto wangu. Basi."

Nikakitazama kidole chake, si uso.

"Ulilala kitandani mwangu."

"Ndiyo, mama."

"Lini?"

"Novemba. Ulikuwa Hola, kwenye harusi. Nilikuwa mgonjwa, mama, nilikuwa na homa, barabara imekatika, nisingefika popote. Naapa kwa Mungu sikuwa na..."  Nikaanza kulia waziwazi, kilio cha kamasi, aibu tupu.

"Na mwanangu alikuwa wapi?"

Swali lenyewe lilikuwa hilo. Nililisubiri miezi saba. Nikisema alikuwa nje, nani ataamini? Nikisema alikuwa ndani, nimemmaliza. Nilisimama tu, brashi inadondosha, na yeye akanisubiri. Aliposubiri kiasi cha kutosha akairudia picha. Macho yake yakafika kwenye pazia nililolichora, pazia la kanga kuukuu la rangi ya zambarau. Akainama.

"Umechora na tundu," akasema.

"Lilikuwepo."

"Najua lilikuwepo. Mwanambuzi alilitafuna." Akaligusa kwa ncha ya kidole. "Nikilala naona mlango kwa tundu hilo. Mlango tu, hakuna kingine."

Kidole chake kikaendelea mbele, polepole, mpaka mlangoni. Kikasimama. Pale kizingitini kulikuwa na mtu. Mdogo kuliko ilivyopasa kwa nyumba ile, hakufika urefu wa kidole chake cha shahada, amekaa chini, mgongo ameuelekeza ndani, uso nje. Nilikuwa nimempaka jioni, kwa rangi iliyobaki, bila kufikiri, kwa sababu mlango ule nilipoukumbuka nilimkumbuka yeye akiwa amekaa hapo.

"Huyu ni nani?"

"Ni... ni mtu tu, mama. Watu wajue mlango uko wapi."

"Binti, umeacha kudanganya muda si mrefu. Usirudi nyuma. Huyu ni nani?"

"Galgalo."

"Mbona bega lake moja ni jeusi?"

"Lililowa. Mlango wenu ni mdogo, na mvua ilikuwa inatoka upande ule. Angesogea ndani hatua moja angekauka. Hakusogea."

"Alikaa hivyo muda gani?"

"Tangu adhuhuri mpaka alasiri."

"Alisema nini?"

"Hakusema mengi. Alikuwa akigonga kizingiti mara mbili. Mimi nagonga kitanda. Nikichelewa kugonga anaita, 'Pekeshe, uko hai?'" Nikapenga kamasi kwa nguo yangu, sikujali tena. "Mara moja nililala usingizi sikugonga. Nikamsikia analia. Lakini hakugeuka, mama. Kwa tundu lile nilimwona. Hakugeuka hata mara moja."

 Mama Qabale alikuwa haniangalii tena. Nikafuata macho yake, nikaona alichokuwa anakitazama. Galgalo hakwenda dukani. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya ukumbi, mgongo umetuelekea, kichwa kimeinama, anangoja kusikia hukumu yake. Mama yake alimtazama yeye, akaitazama picha, akamtazama yeye tena. Mdomo ukamcheza.

"Baba yake alikuwa hivyo hivyo," akasema. "Mkaidi. Ukimwambia ondoka, anakwenda hatua tatu anakaa."

Kwa mbali tukasikia pikipiki inaingia uwanjani, na sauti nene ya mtu mzima inamkaripia dereva kwa kumrushia matope. Uso wa Mama Qabale ulibadilika ghafla. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikaona kuwa hata yeye anaogopa, na anaogopa kuliko mimi.

"Farah," akanong'ona. Akanishika mkono. "Sikia upesi. Ile fimbo ifute."

"Fimbo?"

"Ni ya mume wangu. Alipofariki, Farah akaitaka, akasema fimbo ya kaka yake ni haki yake. Nikamwambia imechukuliwa na mafuriko. Niliapa, binti. Mbele ya wazee wote. Miaka sita nalala chini yake, hakuna ajuaye, hata wanangu. Akiiona hapa, na ule waya wa shaba ataujua, mimi sitakuwa na neno tena katika ukoo huu. Atanipangia kila kitu. Na Galgalo atampangia."

Sasa nikaelewa kwa nini hakucheka alipoiona picha, kwa nini alitembea kwa miguu kwenye matope ili afike kabla ya mkutano. Hakuja kunitafuta mimi peke yangu. Nikaruka juu ya meza. Kopo la kwanza la rangi ya nyasi lilikuwa limeisha, na la pili lilikuwa limejifunga kwa rangi iliyokauka, kifuniko hakitoki. Nikavuta, nikavuta. Mama Qabale akaninyang'anya, akakibandua kwa ufunguo wa sanduku lake, akanirudishia.

"Na huyu wa mlangoni, mama?" nikauliza. "Nimfute pia?"

"Huyo mwache. Farah na amwone, watu wote wamwone. Na ile sufuria yangu uifunue, na mtungi. Hiyo picha ina kazi." Akatazama mlangoni, akapunguza sauti. "Baba yako, Mwaringa. Ni mkali kama wanavyosema?"

"Zaidi, mama."

"Basi Jumamosi asiende shamba. Nitakuja na wazee wangu. Tutamwogopa pamoja."

Hatua zilifika kwenye ngazi. "Salaam aleikum!" sauti nene ikaita. "Mbona umeziba njia, kijana? Nipishe niingie."

"Waaleikum salaam, ami," nikamsikia Galgalo akijibu. Sauti yake ilitetemeka mwanzo, halafu ikakaza. Hakuinuka. "Subiri kidogo. Rangi haijakauka."

"Rangi gani? Ondoka hapo!"

"Siondoki, ami."

Nikapitisha brashi. Fimbo ikaanza kupotea kuanzia shingoni, shaba kwanza, na chini yangu Mama Qabale alikuwa ameshika miguu ya meza kwa mikono miwili nisianguke.